Damu Nyembamba

Darasa la Kijerumani lilikuwa limebaki na wanafunzi tisa. Mwaka alioanza kazi, mwalimu alikuwa nao arobaini na wawili, wengine wakibanana watatu kwenye dawati moja, na salamu yao ya asubuhi ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwalimu wa hesabu wa chumba cha pili alipeleka malalamiko. Hiyo ilikuwa miaka kumi na tisa nyuma. Sasa Kichina kilikuwa na ukumbi mzima na vishikwambi vipya. Kifaransa kilikuwa na watoto waliotaka kazi za hotelini. Kijerumani kilikuwa na hao tisa, na wawili kati yao walikiri wazi kwamba walijiandikisha kwa sababu chumba kiko karibu na jiko la shule.

Wanafunzi walimwita Frau, yaani Bibi kwa Kijerumani. Ulianza kama utani, ukazoeleka, hata mlinzi wa geti akawa anamwita hivyo bila kujua maana yake.

Ofisi ya elimu ilikuwa imeleta barua: somo lolote la lugha ya kigeni lenye wanafunzi chini ya kumi na watano litafutwa mwisho wa mwaka. Mwalimu wa Kifaransa, aliyekaa naye meza moja, hakuacha kumtania.

"Frau, hao tisa waweke kwenye friji wasije wakaharibika."

Frau alicheka pamoja na wenzake. Akifika nyumbani hakucheka.

Kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Hakuwa amekanyaga nchi yoyote inayosema Kijerumani. Alikisoma chuoni kwa mhadhiri ambaye naye alikisoma vitabuni, akasikiliza kanda hadi zikachakaa, na mara moja alipelekwa semina ya wiki mbili ambapo mgeni mmoja, binti mpole, aliongea nao polepole na kumsifu kila aliyefungua mdomo. Sarufi aliijua kama vidole vyake, na wanafunzi wake walifaulu mitihani. Lakini mazungumzo na watu waliozaliwa ndani ya lugha hiyo yalikuwa manne au matano maisha yake yote, na hakuna lililozidi muda wa kikombe cha chai.

Jumanne moja, saa tatu na nusu asubuhi, alikuwa ubaoni akieleza jinsi Wajerumani wanavyounganisha maneno. Hilo lilikuwa somo lake alilolipenda. "Mkiona neno refu msiogope," aliwaambia. "Ni kama mabehewa ya treni. Likate vipande, kila kipande kina maana yake, halafu viunge." Simu ikatetemeka mezani. Alikuwa mdogo wake, muuguzi wa chumba cha dharura katika hospitali ya mji.

"Dada, uko wapi?"

"Darasani. Kuna nini?"

"Acha hilo darasa uje. Tumeletewa mzungu, fundi mitambo wa kile kiwanda cha unga. Ameanguka kutoka juu ya mashine wanayoifunga, ameumia kichwa. Anaongea lakini hatumwelewi hata neno. Mwenzake anayejua lugha yetu amefuata vipuri, atarudi wiki ijayo, na simu yake haipatikani. Nimemwambia daktari dada yangu anafundisha Kijerumani."

"Jaribuni simu itafsiri."

"Tumejaribu. Ameuma ulimi wakati wa kuanguka, umevimba. Simu inatoa maneno hayana kichwa wala miguu. Njoo, dada, tafadhali."

Aliwaachia wale tisa zoezi la ukurasa wa hamsini, akapita kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa. Mkuu alinyanyuka kabisa kitini. "Nenda, nenda," alisema. "Chukua gari la shule. Unaona sasa? Kesho watasema Kijerumani hakina kazi."

Njiani alijirudia salamu, majina ya viungo vya mwili, namna ya kuuliza maumivu. Alikuwa na furaha, hilo alilikubali baadaye. Miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha watoto kuagiza keki na kuuliza njia ya stesheni, na leo mtu alikuwa anamhitaji kweli.

Fundi alikuwa mwanamume wa miaka sitini hivi, mwenye mabega mapana, bandeji kichwani na damu iliyokauka kwenye ndevu. Mwalimu alipomsalimia kwa Kijerumani, yule mtu alifumba macho, akayafumbua, akamshika mkono. Kisha akaanza kuongea.

Haikuwa lugha ya kwenye kanda. Maneno yalitoka haraka, yamebanwa, na lafudhi ya kwao, popote palipokuwa, iliyakunja mengine mpaka yakapoteza sura. Ulimi uliovimba ulimeza yaliyobaki. Mwalimu aliokota kichwa, akaokota mashine, akaokota mke. Daktari, kijana mwembamba aliyekuwa zamu tangu asubuhi ya jana, alisimama upande wa pili na kalamu mkononi.

"Muulize kama ana ugonjwa wowote. Au kama kuna dawa anatumia."

Aliuliza. Sentensi yake ilikuwa safi, kila kitenzi mahali pake. Fundi akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, akasema jambo, akalirudia kwa nguvu, akigusa mkono wake sehemu ya mshipa. Neno moja lilikuwa refu. *Blutverdünner.* Mwalimu alilikata vipande kama alivyofundisha asubuhi ile ile. Kipande cha kwanza, damu. Cha pili, nyembamba. Mwishoni palikuwa na kitu kilichomsumbua, kimkia kidogo ambacho hakikukaa vizuri. Kitenzi kilichotangulia hakukisikia.

"Anasema damu yake ni nyembamba," alimwambia daktari.

"Nyembamba kivipi? Ana upungufu wa damu?"

Neno "nadhani" lilimfika kwenye ulimi likarudi. Mdogo wake alikuwa anamtazama kwa fahari, na wauguzi wengine wawili walikuwa wamesogea kumsikiliza.

"Ndiyo," alisema. "Upungufu."

Daktari akavuta kope za fundi, akatazama wekundu wa ndani, akaandika. Aliagiza kipimo cha wingi wa damu, akaagiza chupa moja ya damu iwekwe tayari, na sindano ya maumivu. Fundi aliendelea kumshika mwalimu mkono. Alikuwa ametulia sasa, kama mtu aliyeshusha mzigo. Alisema asante, na hilo mwalimu alilisikia vizuri.

Saa tano alikuwa shuleni. Habari ilikuwa imemtangulia. Wakati wa mapumziko mkuu aliwakusanya wanafunzi wote uwanjani, akamwita mbele, akawaambia kwamba mwalimu huyu ameokoa maisha ya mtu kwa kujua lugha. Wanafunzi walipiga makofi. Wale tisa walipiga kwa kujitutumua. Kabla ya saa saba, wanafunzi saba wengine walikuwa wamekuja kuuliza kama bado wanaweza kujiandikisha. Tisa na saba ni kumi na sita. Mwalimu wa Kifaransa alimletea soda.

"Frau, umetuweza," alisema. "Mimi hata nikimpata Mfaransa amevunjika mguu, nitamuuliza saa ngapi."

Kile kimkia cha neno hakikumtoka. Kamusi kubwa ilikuwa kwenye rafu ya ofisi ya walimu, hatua nne kutoka kwenye kiti chake. Alisahihisha madaftari. Alikunywa soda. Mara mbili alinyanyuka, mara mbili mtu akaja kumpa mkono, akakaa. Ilipofika saa tisa, ofisi ikiwa tupu, aliishusha kamusi akalitafuta lile neno.

Lilikuwepo, na halikumaanisha upungufu wa damu. Ilikuwa dawa, ile wanayopewa watu wenye matatizo ya moyo ili damu isigande. Mtu anayeitumia akiumia, damu haikatiki. Mwalimu hakuwa daktari, lakini baba yao mzazi aliwahi kupewa dawa ya namna hiyo, na alikumbuka jinsi daktari wa wakati ule alivyoonya: hata kujikata kwa wembe, njoo.

Alimpigia mdogo wake. Simu iliita mpaka ikakata. Wauguzi waliacha simu zao kabatini wakiwa zamu, wakazitoa kwa dharura tu, hilo alilijua. Na moyoni, mahali ambapo hakutaka kupaangalia, alipata nafuu kidogo kwamba haikupokelewa.

Wakati huo mlango ulifunguka. Mkuu alikuwa na mgeni, ofisa kutoka ofisi ya elimu, yule yule aliyesaini ile barua. Mkuu alikuwa amempigia aje ajionee.

"Huyu ndiye," mkuu alisema.

Angeweza kusema samahani, nina dharura. Ni maneno matatu. Badala yake aliifunga kamusi, akairudisha kwenye rafu, akaketi nao. Alijiambia kwamba hospitali ina vipimo, lazima wameshaona. Akajiambia kwamba yule mtu alikuwa anaongea, alikuwa ametulia. Kikao kilichukua zaidi ya saa nzima. Ofisa aliuliza kuhusu vitabu na idadi, akaandika, akasema ile barua inaweza kuangaliwa upya. Mwalimu alijibu kila swali. Baadaye hakukumbuka hata jibu moja alilotoa.

Saa kumi na nusu alishuka kwenye pikipiki mbele ya hospitali na kuingia ndani mbio. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka limekunjwa. Mdogo wake alikuwa anafuta sakafu karibu yake, kulikuwa na matapishi.

"Wamemkimbiza hospitali kuu," alisema. "Alianza kutapika saa tisa, kisha jicho moja likapanuka, akawa haitiki. Ambulensi imeondoka kama robo saa iliyopita. Mbona unahema hivyo?"

Fundi alikata roho njiani, jua likiwa bado halijazama.

Kesho yake mwalimu alikwenda nyumbani kwa mdogo wake. Alimkuta uani anafua sare. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamweleza yote: neno, kamusi, saa tisa, kikao. Muuguzi aliendelea kusugua kola ile ile kwa muda mrefu.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Basi iishie hapa." Aliikamua sare, akaitandaza kwenye kamba. "Dada, nisikilize. Kwenye jalada imeandikwa mkalimani aliletwa na muuguzi wa zamu. Muuguzi wa zamu ni mimi. Sikuomba kibali kwa uongozi. Nina watoto wawili na mume ambaye yuko mbali. Yule baba ameshakwenda. Ukisema, atarudi?"

"Hapana."

"Haya."

Ijumaa mjane wa fundi aliwasili, na kampuni iliyomwajiri mumewe ikaomba mtu wa kumtafsiria. Mkuu wa shule hakufikiri mara mbili, alimtuma Frau. Alimkumbusha avae vizuri.

Walikutana ofisini kwa daktari. Kilikuwa chumba kidogo chenye kabati la chuma na kalenda ya mwaka uliopita. Daktari alikaa nyuma ya meza, mwakilishi wa kampuni alisimama dirishani, muuguzi alisimama karibu na mlango, mikono mfukoni. Mjane alikuwa mwanamke mfupi mwenye nywele za kijivu zilizokatwa karibu na kichwa. Alikuwa amepakata koti la kazi la mumewe, ambalo kiwanda kilikuwa kimemkabidhi asubuhi ile.

Mama yule aliongea polepole na kwa ufasaha, kama zile kanda. Kila neno liliingia, hakuna lililopotea.

"Mume wangu alifanyiwa upasuaji wa moyo," alisema. "Miaka sita alikuwa anatumia dawa ya kuzuia damu isigande. Kadi yake hii hapa, ilikuwa ndani ya koti hili, na koti lilibaki kiwandani limetundikwa kwenye msumari. Ninachotaka kujua ni kitu kimoja. Aliwaambia?"

Alilitumia neno lile lile.

"Anasema nini?" daktari aliuliza.

Chumbani hakuna mtu mwingine aliyezijua lugha zote mbili. Angeweza kumwambia daktari kwamba mama anauliza kama mumewe aliteseka. Angeweza kumwambia mama kwamba mumewe hakuwa na fahamu, hakusema kitu. Wote wangeamini na kwenda zao. Alimtazama mdogo wake pale mlangoni. Muuguzi alitikisa kichwa, kidogo sana, mara moja.

Mwalimu alimgeukia mjane.

"Alituambia," alisema kwa Kijerumani. "Aliniambia mimi. Sikuelewa. Nikamwambia daktari kitu kingine. Na nilipoelewa, nilichelewa kuja."

Sarufi ilimkimbia, vitenzi vilikaa vibaya, lakini maana ilifika. Kisha akamgeukia daktari, akajitafsiri mwenyewe, neno kwa neno, pamoja na saa tisa na kikao. Nyuma yake alisikia mlango unafunguliwa na kufungwa. Mdogo wake alikuwa ametoka.

Mjane hakulia.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana. Ni mwalimu."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa Kijerumani."

Mjane aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea maelezo ya njia. Akalikunja koti upya juu ya magoti.

"Siku zote aliongea kama amejaza mkate mdomoni," alisema. "Hata mimi nilikuwa namlalamikia. Lakini mimi ningeuliza mara ya pili."

Hakusema neno jingine kwa mwalimu, wala siku hiyo wala baadaye.

Daktari alikuwa amelifungua jalada na kulitazama. Alionekana mdogo kuliko umri wake. "Majibu ya wingi wa damu yalitoka saa saba," alisema, kama anaongea na karatasi. "Yalikuwa sawa kabisa. Nilijiuliza. Nikasema labda mgonjwa amechanganyikiwa." Akachukua kalamu, akaandika mistari mitatu, akatia sahihi. Mwakilishi wa kampuni aliomba nakala.

Uchunguzi ulichukua wiki tano. Daktari alipewa onyo la maandishi. Muuguzi alikutwa na kosa la kuleta mtu asiyeidhinishwa chumba cha dharura, akahamishiwa zahanati ya mbali, safari ya siku nzima kwa basi, akiambiwa ashukuru hakufukuzwa. Mwalimu mwenyewe hakuguswa na mtu, kwa sababu hakuwa mtumishi wa hospitali na hakuna kanuni iliyomhusu. Shuleni mkuu hakusubiri mwisho wa mwaka. Wale saba wapya walikuwa wamekwishaondoka wenyewe, mmoja mmoja, bila kuaga. Tisa wa zamani waligawanywa, sita Kichina, watatu Kifaransa, na mwalimu akapewa maktaba na vipindi vya historia vya kidato cha kwanza. Ofisini hakuna aliyemtania tena. Mwalimu wa Kifaransa alihamia meza ya dirishani, akasema pale pana mwanga mzuri.

Alimwandikia mjane barua. Aliiandika mara nyingi, mwisho ikawa kurasa mbili, akaituma kupitia kampuni. Haikujibiwa. Hakutegemea ijibiwe, lakini kila lilipoitwa jina lake ofisini alifikiri ni hiyo.

Siku ya muuguzi kuhama, mwalimu alikwenda bila kuitwa. Lori dogo lilikuwa mlangoni. Watoto walikuwa wamekaa mbele na dereva, mkubwa amempakata mdogo. Tangu siku ile ya ofisini dada hawa wawili hawakuwa wameongea. Muuguzi alimwona, akaendelea kubeba masufuria. Walipofika kwenye godoro, mtu mmoja hakuliweza.

"Shika huku," muuguzi alisema.

Walilibeba pamoja, wakalisukuma juu ya lori, wakalifunga kwa kamba. Muuguzi alijaribu fundo kwa kulivuta.

"Ungenyamaza," alisema bila kumtazama.

"Najua."

"Ungenyamaza, mimi ningekuwa kwangu, na watoto wangekuwa shule yao."

"Najua, mdogo wangu."

"Usiniambie unajua." Alijifuta mikono kwenye khanga. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, ile aliyokuwa akiitumia walipokuwa wasichana wakilala chumba kimoja, "Alikushika mkono, si ndiyo? Yule baba. Muda wote ule."

"Ndiyo."

"Nilimwona." Akapanda mbele, akawasogeza watoto, akafunga mlango. Kioo cha lori halikupanda hadi juu, na mwalimu aliweka kiganja chake pale penye ukingo. Muuguzi hakukigusa, wala hakukiondoa. Dereva akawasha gari, wakaondoka. Mwalimu alibaki barabarani mpaka vumbi liliposhuka, kisha akaingia ndani kufagia nyumba tupu, maana mwenye nyumba alikuwa amesema anaihitaji kabla ya saa sita.